Shimo Jeusi Linalouma na Kupuliza

Panya huuma huku akipuliza, ili aliyelala asisikie maumivu. Mashimo meusi makubwa yaliyo katikati ya galaksi, ile mikusanyiko ya mabilioni ya nyota, nayo huuma na kupuliza, ila kwao mambo yamegeuka: kuuma kwao ni jambo dogo, kupuliza ndiko kunakoleta balaa. Wanachomeza ni kidogo, tena kinatoka katika eneo finyu mno. Wanachopuliza ni gesi yenye uzito wa Majua milioni nyingi, pengine bilioni, inayokwenda kwa kasi ya mamia hadi maelfu ya kilomita kwa sekunde na kufika umbali wa maelfu ya miaka ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Gesi hiyo ndiyo malighafi ya nyota. Ikiondoka, au ikichemka isipoe tena, nyota mpya hazizaliwi.

Hapo watu wengi huchanganyikiwa. Tumezoea kusikia kwamba shimo jeusi haliachii kitu, hata nuru. Basi linapulizaje? Jibu ni kwamba shimo lenyewe halipulizi chochote. Kinachopuliza ni kile kilichopanga foleni mlangoni mwake.

Foleni ya mlangoni

Gesi haiangukii shimo jeusi kama jiwe kisimani. Kila wingu la gesi huja na mzunguko wake, na kadiri linavyosogea ndani ndivyo linavyozunguka kwa kasi zaidi, mfano wa maji yanayozunguka juu ya tundu la beseni. Mzunguko huo huizuia gesi isitumbukie moja kwa moja, nayo hujitandaza kuwa diski bapa. Ndani ya diski, tabaka la ndani hukimbia kuliko la nje, ugasumaku huyakamata yote mawili na kuyakokotanisha, na msuguano huo huipasha gesi moto hadi iwake.

Na huwaka kweli. Nyota kama Jua huishi kwa kugeuza haidrojeni kuwa heliamu, kazi inayotoa nishati sawa na asilimia 0.7 tu ya uzito uliotumika. Diski ya shimo jeusi hutoa takriban asilimia 10. Shimo linalopokea gesi yenye uzito wa Jua moja kwa mwaka hung'ara kama Majua trilioni 1.5, mwanga unaozidi kwa mbali nyota zote za galaksi yetu zikijumlishwa, na wote unatoka katika eneo ambalo ukiliweka kando ya galaksi halionekani hata kama nukta.

Wanaastronomia waliyaona matokeo muda mrefu kabla ya kuijua sababu. Mwaka 1918 Heber Curtis aliona mstari mnyoofu wa nuru ukichomoza kutoka katikati ya galaksi ya M87, akaueleza kuwa kitu cha ajabu, basi. Mwaka 1943 Carl Seyfert alichunguza galaksi chache zenye vitovu vinavyong'aa kupita kawaida, akakuta gesi ya humo inakwenda mbio kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde. Kisha mwaka 1963 Maarten Schmidt akatambua kwamba 3C 273, iliyoonekana kama nyota tu, iko umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 2. Kitu kinachoonekana kwa darubini ndogo kutoka umbali huo hakiwezi kuwa nyota. Kikaitwa kwazari, na leo tunajua kwamba kwazari ni shimo jeusi lililo katikati ya karamu.

Nuru inayosukuma

Nuru ina msukumo. Ni mdogo mno, hauhisiki unapoota jua, lakini upo. Arthur Eddington aliufanyia hesabu alipokuwa akichunguza nyota: kila kitu kinachong'aa kina kiwango ambacho kikikivuka, nuru yake itaisukuma gesi nje kwa nguvu kuliko mvutano wake unavyoivuta ndani. Shimo jeusi nalo liko chini ya kanuni hiyo hiyo. Likila kwa pupa, mwanga wa chakula chake unakifukuza chakula kinachofuata.

Vumbi huzidisha mambo. Chembe ya vumbi huikamata nuru kwa wepesi mara mamia kuliko elektroni iliyo peke yake, hivyo wingu lenye vumbi husukumwa na mwanga ambao wingu la gesi tupu lingeupuuza. Karibu kabisa na diski vumbi haliwezi kudumu kwa sababu ya joto, ila huko atomu zilizobakiwa na baadhi ya elektroni zake hufanya kazi kama hiyo, zikinasa rangi fulani za mionzi ya urujuanimno na kupeperushwa nazo.

Njia ya pili ni sumaku. Mistari ya ugasumaku iliyoshikamana na diski huzungushwa nayo, ikairusha gesi nje kama tope linavyoruka kutoka kwenye gurudumu. Shimo lenyewe likiwa linazunguka kwa kasi, sumaku hiyo inaweza hata kuufyonza mzunguko wake na kuugeuza kuwa jeti, yaani mkondo mwembamba unaokaribia kasi ya nuru. Roger Blandford na Roman Znajek walilionyesha hilo kwa hesabu mwaka 1977. Ule mstari wa Curtis ni jeti ya aina hiyo: una urefu wa takriban miaka ya nuru 5,000, na umetoka kwenye shimo la Majua bilioni 6.5, lile lile ambalo picha yake ilitolewa mwaka 2019.

Kwa hiyo kuna aina mbili za kupuliza, na makala nyingi huzichanganya. Upepo ni mpana, una gesi nyingi, na hutokea zaidi shimo linapokula sana. Jeti ni nyembamba, gesi yake haba, inafika mbali, na mara nyingi hutoka kwenye mashimo yanayokula kidogo kidogo. Tutaziona zote mbili zikifanya kazi, kila moja mahali pake.

Hesabu inayoshangaza

Naomba msomaji avumilie tarakimu kidogo, maana bila hizo jambo lote linabaki hadithi.

Chukua galaksi ambayo uvimbe wa nyota ulio katikati yake una uzito wa Majua bilioni 100, na shimo jeusi la Majua milioni 100. Uwiano wa namna hiyo, moja kwa elfu hivi, ni wa kawaida. Mpaka wa shimo hilo, ambao kitu kikiuvuka hakirudi, uko kilomita milioni 300 kutoka katikati, yaani mara mbili tu ya umbali wa Dunia hadi Jua. Mvutano wake unatawala mwendo wa nyota hadi umbali wa miaka ya nuru 30 au 40. Zaidi ya hapo ni nyota zenyewe zinazovutana. Shimo likiondolewa ghafla, zingeendelea na safari zao kana kwamba hakuna kilichotokea. Ile picha ya shimo jeusi linaloinyonya galaksi nzima ni ya kwenye katuni.

Sasa tazama nishati. Ili kufikia uzito wa Majua milioni 100, shimo hilo limetoa njiani nishati inayozidi mara 200 ile inayohitajika kuutawanya uvimbe wote wa nyota. Mara mia mbili! Likiwa halina uwezo wa kuivuta galaksi, lina uwezo wa kuichana vipande, mara nyingi.

Lakini galaksi zipo, hazijachanika. Ndiyo maana swali la msingi katika utafiti huu halijawahi kuwa kama nishati inatosha. Swali ni gesi inaishika kiasi gani. Nuru nyingi hupita kwenye nafasi tupu bila kugusa chochote na kuishia kwenye darubini zetu. Jeti inaweza kuitoboa galaksi kama sindano inavyopita kwenye kitambaa, uzi mmoja usikatike. Inatosha nusu ya asilimia moja ya nishati hiyo ikamatwe na gesi, na historia ya galaksi itabadilika. Mjadala wote wa kisayansi umo ndani ya hiyo nusu ya asilimia.

Dalili kwamba kitu fulani hukamatwa ilijitokeza mwaka 2000, pale vikundi viwili vya watafiti vilipoonyesha kwamba uzito wa shimo jeusi unafuatana kwa ukaribu na kasi ya nyota za uvimbe unaolizunguka. Nyota hizo ziko mbali mno kuhisi mvutano wa shimo. Hivyo viwili vilijuanaje? Miaka miwili kabla, Joseph Silk na Martin Rees walikuwa wamependekeza kwamba shimo hukua hadi upepo wake unapokuwa na nguvu ya kuifukuza gesi iliyobaki, na hapo linajikatia riziki. Kadiri galaksi inavyoishikilia gesi yake kwa nguvu, ndivyo shimo linavyolazimika kunenepa kabla ya kuishinda. Si maelezo pekee yaliyopo, maana galaksi zinapogongana na kuungana mara nyingi uwiano huo hujisawazisha kiasi wenyewe. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ndiyo maelezo yanayofanya kazi nyingi zaidi kwa dhana chache.

Jinsi upepo unavyoonekana

Gesi inayokuja upande wetu, nuru yake husogea kuelekea buluu. Inayokwenda mbali, kuelekea nyekundu. Kila elementi ina mistari yake kwenye spektra, yaani nuru iliyotawanywa katika rangi zake, na kiasi ambacho mstari umesogea kinatupa kasi. Katika galaksi yenye upepo, mstari wa oksijeni huwa na mkia mrefu upande wa buluu. Kwa nini upande mmoja tu? Kwa sababu gesi inayokimbilia upande wa pili mara nyingi imefichwa na vumbi la galaksi yenyewe. Tunaona nusu ya upepo.

Tatizo ni kwamba upepo mmoja una tabaka nyingi za joto, na kila darubini huona tabaka lake. Karibu na shimo gesi ina joto kali kiasi kwamba ni atomu za chuma tu ndizo zinazoacha alama, tena katika eksirei. Kwazari PDS 456 ndiyo mfano unaopendwa: chuma chake kinakuja upande wetu kwa kasi inayokaribia theluthi moja ya kasi ya nuru. Mwaka 2025 darubini ya eksirei ya XRISM, iliyorushwa na Japani kwa ushirikiano na Marekani na Ulaya, ilionyesha kwamba huo si upepo laini bali ni mabonge angalau matano, kila moja na kasi yake, kati ya asilimia 20 na 30 ya kasi ya nuru. Tulidhani ni feni, ni bunduki.

Mbali na shimo, maelfu ya miaka ya nuru kutoka hapo, upepo huo huo hubeba gesi baridi ya molekuli, inayoonekana kwa darubini za redio. Mwaka 2010 galaksi Mrk 231 ilikutwa ikipoteza gesi hiyo kwa kiasi cha Majua 700 hivi kila mwaka, mara kadhaa ya kiasi kinachogeuka kuwa nyota. Kwa mwendo huo ghala lingekauka ndani ya takriban miaka milioni 10, muda ambao kwa galaksi ni kama kufumba na kufumbua.

Namba hizi zisimezwe bila kutafunwa. Kasi hupimwa vizuri. Uzito haupimwi vizuri hata kidogo, kwa kuwa unategemea msongamano wa gesi na umbali wake kutoka katikati, na makadirio ya vitu hivyo yanaweza kutofautiana mara kumi au zaidi kwa galaksi ile ile. Ukisoma kwamba upepo fulani unabeba Majua 100 kwa mwaka, soma pia kwamba huenda ni 10.

Kati ya bonge la chuma na gesi ya molekuli kuna hatua ya kueleza. Upepo wa ndani ni mwepesi na wa kasi. Gesi ya galaksi ni nzito na imetulia. Vinapogongana hutokea wimbi la mshtuko, na gesi ya upepo hupanda joto hadi mabilioni ya nyuzi. Kuanzia hapo kuna njia mbili. Gesi hiyo ikipoa haraka, joto lake likaponyokea angani kama nuru, kinachobaki ni msukumo mtupu, kama mkono unaosukuma mlango. Isipopoa, inatanuka kama puto ndani ya galaksi, na puto hilo husukuma kila upande kwa nguvu inayoweza kuzidi ule msukumo wa mwanzo mara kumi au ishirini. Karibu na shimo nuru ya diski huipoza gesi upesi. Mbali zaidi haiwezi. Kwa hiyo upepo ule ule unaweza kuanza kama mkono na kumalizia kama puto.

Kuua kwa njaa

Vichwa vya habari hupenda kusema shimo jeusi limeiua galaksi yake. Mauaji ya kufagia gesi yote nje kwa mara moja ni nadra kuliko tunavyosimuliwa. Katika galaksi kubwa, gesi inahitaji kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde ili isirudi tena, na sehemu kubwa ya gesi inayopulizwa haiifikii. Inapanda, inapunguza mwendo, inarudi kama jiwe lililorushwa juu. Mauaji ya kweli huenda polepole: shimo linaizuia gesi mpya isiingie.

Mahali pa kuliona hilo ni kundi la galaksi la Perseus, takriban miaka ya nuru milioni 250 kutoka hapa. Nafasi kati ya galaksi zake imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Gesi hiyo inang'aa kwa eksirei, maana yake inapoteza joto, na ilipaswa kupoa na kumiminikia galaksi ya katikati, NGC 1275, kwa mamia ya Majua kila mwaka. Gesi baridi ya kiasi hicho haipo. Kitu kinaipasha moto.

Darubini ya Chandra ilionyesha ni nini. Jeti za shimo la NGC 1275 zimechimba mapovu ndani ya gesi, na kuyazunguka kuna viwimbi vinavyosambaa kama vile jiwe linapotupwa bwawani. Ni mawimbi ya sauti. Mwaka 2003 yalikokotolewa: noti moja, oktava 57 chini ya Do ya katikati ya piano, wimbi moja kila miaka milioni 10 hivi. Mapovu yanapanda, gesi inakorogwa, sauti inasambaza joto, nayo gesi haipoi kiasi cha kuanguka. Shimo likinyimwa chakula jeti hufifia. Gesi ikianza kupoa na kuanguka, shimo hula na jeti huwaka upya. Ni kama jiko linalojiwasha na kujizima, na limefanya hivyo kwa mabilioni ya miaka.

Hii haimaanishi kufagia hakutokei kamwe. Darubini ya James Webb imeiona galaksi GS-10578 ilivyokuwa miaka bilioni 2 tu baada ya Mlipuko Mkuu ulioanzisha ulimwengu, tayari na uzito wa Majua bilioni 200 na karibu haizai tena nyota. Gesi yake baridi, inayotambulika kwa mstari wa sodiamu, inatoka kwa kasi ya takriban kilomita 1,000 kwa sekunde. Kwa miaka mingi tulitazama gesi yenye joto na kuona kwamba haitoshi kuizima galaksi. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa gesi baridi isiyotoa mwanga wake yenyewe, inayoonekana kwa kuziba nuru ya nyota zilizo nyuma yake.

Pumzi inayozima mshumaa ndiyo inayowasha makaa. Katika galaksi IRAS F23128−5919, mwaka 2017, nyota zilikutwa zikizaliwa ndani ya upepo wenyewe, gesi ikiwa imebanwa hadi ikajikunja kuwa nyota huku ikikimbia.

Upepo wa jana

Kama upepo unazima uzazi wa nyota, galaksi zenye mashimo hai, yaani yanayokula sasa, zingepaswa kuwa na nyota chache changa. Wengi wamepima, na wengi wamekuta galaksi hizo zinazaa nyota kawaida tu. Wapo waliohitimisha kwamba nadharia yote ni bure. Mimi sioni hivyo, na sababu ni saa.

Kwanza, gesi inayolisha shimo ndiyo inayolisha uzazi wa nyota. Ukiona moja limeshiba, tarajia jingine limeshiba. Pili, gesi inayokwenda kilomita 1,000 kwa sekunde huhitaji karibu miaka milioni moja kufika umbali wa miaka ya nuru 3,000. Shimo halisubiri muda huo. Mwaka 2007 Hanny van Arkel, mwalimu wa Uholanzi aliyekuwa akijitolea kupanga picha za galaksi mtandaoni, aliona wingu la ajabu karibu na galaksi IC 2497. Wingu hilo linang'aa kana kwamba linamulikwa na kwazari, ila ukitazama galaksi yenyewe, kwazari hakuna. Kwazari hiyo imezimika ndani ya miaka isiyozidi takriban 200,000, na nuru yake ya mwisho bado inasafiri kupitia kwenye wingu kabla ya kutufikia. Kulinganisha shimo la leo na gesi iliyosukumwa miaka milioni moja iliyopita ni kumtafuta mshukiwa kwa kumwangalia aliyesimama mlangoni sasa hivi.

Galaksi yetu ina ushahidi wa namna hiyo juu ya vichwa vyetu. Mwaka 2010 data za darubini ya Fermi zilifichua mapovu mawili ya mionzi ya gama, moja juu na jingine chini ya diski ya Njia Nyeupe, kila moja likifika miaka ya nuru 25,000. Mwaka 2020 darubini ya eROSITA ikaona kwa eksirei mapovu makubwa zaidi yanayoyazingira. Wapo wanaoyahusisha na nyota zilizolipuka kwa wingi, na wapo wanaolitaja shimo letu, Sagittarius A*, lenye uzito wa Majua milioni 4.3, kwamba liliamka miaka milioni michache iliyopita na kulala tena.

Leo linakula makombo: gesi inayopeperushwa na nyota kubwa changa zilizo jirani. Mwaka 2013 vipimo vya Chandra vilionyesha kwamba katika gesi hiyo inayonaswa na mvutano wake, chini ya asilimia 1 ndiyo inayofika mpakani. Iliyobaki ina joto mno, haishikiki, na hutupwa nje kabla haijamezwa.